Sumaku ya Kaka Yako

Nyumbani,
Jumapili, 14 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa. Bado natenga vikombe viwili vya chai, nagundua nikishamimina.

Jana nilifua koti jeupe la kaka yako. Nililiacha msumarini miezi saba kwa ajili ya harufu yake. Kabla ya kuliloweka nikapekua mfukoni, nikakuta ile sumaku yake ya kukorogea dawa ndani ya chupa, fupi kama kipande cha chaki, plastiki yake imegeuka kijivu. Unakumbuka ulivyomtania mlipokuwa maabara moja? "Kaka, hiyo ni sumaku au jino la mzee?" Naye akajibu, "Iache, imeuzoea mkono wangu."

Nilipenda alivyonieleza kazi yenu, mimi niliyeishia darasa la saba. Alisema kichocheo chake cha nikeli ni kama mshenga: anawakutanisha wawili, wanaungana, yeye anarudi kwao vilevile alivyokuja. Nikamuuliza kama mshenga huyo hachoki. Alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa lililoninyima raha. Wiki iliyopita alikuja mkuu wa maabara. Alisema kwa upole kwamba wamerudia jaribio la mwisho la marehemu mara nne, kwa nikeli ileile na vipimo vilevile, lakini vitu havikuungana. Kwake lilikubali kila mara. Wapo walioanza kunong'ona kwamba majibu aliyatunga.

Wifi, kaka yako hakuwa mwongo. Ila sumaku hii aliitumia tangu miaka ile kichocheo chake kilipokuwa paladi, na aliwahi kuniambia metali hiyo hata chembe yake hufanya kazi. Huenda ukijivu huu ni doa la paladi, nalo ndilo lililounganisha, wala si nikeli.

Nilitaka kunyamaza nibaki nayo. Lakini heri ijulikane alikosea kuliko aitwe mwongo. Nimeitia katika bahasha hii, sijaiosha. Ipime, useme utakachokuta, hata kama kitatuuma.

Mama anakusalimu, miguu inamsumbua lakini ulimi mzima. Msalimie mumeo, na mapacha waambie mkaza mjomba wao anawabusu.

Mungu akupe macho mazuri na mkono uliotulia. Nami unikumbuke.

Wako akupendaye daima,
Mke wa kaka yako