Mabega ya Baba

Jumapili, Manzese

Bado naisikia mvua ile, na jasho la Baba, na mabega yake yakipanda na kushuka chini yangu. Halafu leo dada Zuhura ananiambia sikuwa mimi.

Alikuja mchana, tukakaa uani tukichambua mitumba yake ya kuuza kesho. Nikawa nawasimulia wanangu, kama kawaida, jinsi marehemu Baba alivyonibeba mabegani hadi zahanati nilipougua homa. Ndiyo kumbukumbu pekee niliyonayo ya Baba. Dada akaacha kukunja shati.

"Aliyebebwa ni mie," akasema taratibu. "Wewe ulikuwa mchanga, hata kukaa hujaweza. Ulibaki nyumbani na Mama."

Nikabisha. Nikamtajia mvua, jasho, hata kandambili ya Baba iliyokatikia njiani.

"Hayo yote nilikusimulia mie. Baba alipofariki ulikuwa hulali mpaka nikuhadithie. Ikafika mahali ukawa unanisahihisha."

Sijui kichwa hufanyaje. Maneno ya mtoto mwenzangu yaliingia masikioni gizani, yakageuka jasho ninaloweza kulinusa hadi leo. Na kama hili si langu, basi kwa Baba sina kitu. Hilo ndilo lililoniuma jioni nzima.

Nilipomsindikiza barabarani nilimwambia, "Dada, nisamehe. Nimekuchukulia Baba wako."

Akanishika mkono, tukatembea kidogo.

"Kaa naye tu, mdogo wangu," akasema. "Mie ninazo kumbukumbu nyingine."