Vidonge Viko Kwenye Kisosi

Mama watoto,

Vidonge vya vitamini C viko kwenye kisosi. Meza kimoja ukishakula. Mswaki laini uko kikombeni. Vidonge haviondoi ukoga wa meno, usijidanganye.

Nimeondoka bila kuaga kwa sababu umeniudhi. Mwezi mzima nilikusomea maneno hayohayo kuhusu fizi zako, ukanijibu, "Mzee, wewe ulisoma shule ya usiku, ulikuwa unasinzia." Jana yule daktari wa meno mwenye vishimo mashavuni kayasema mara moja tu, na leo asubuhi nyumba nzima ni "Daktari wangu kasema!" Wako tangu lini?

~~Chakula cha mchana usiniwekee.~~ Niwekee, ila kiwe laini.

Fizi zangu nazo zinatoka damu, wiki ya pili sasa. Kila asubuhi natema mlango wazi, nikisubiri uniulize. Hujauliza. Basi nimekwenda kwa huyohuyo wako, zamu yangu ni saa nne. Njoo unikute kwenye benchi, umwambie mbele yangu ni nani aliyesema kwanza.

Baba watoto
(niliyesoma usiku, macho wazi)