Mvua Inayochelewa Kufika Chini

Jumapili, Schaerbeek, huku ugenini. Upepo wa baridi, anga ya kijivu tangu asubuhi. Nimechoka hadi kwenye mifupa.

Nimetoka zamu hospitalini, Jette, miguu imevimba. Kazi yangu ni kuwaogesha na kuwageuza wagonjwa, na leo tulikuwa wachache. Nilitaka kulala tu. Lakini Grâce, binti yangu wa miaka kumi na miwili, alikuwa amejaza meza ya jikoni karatasi zake. Kesho anazungumza darasani kuhusu msitu wa Kongo na mto wake.

Bon, nikakaa naye nikimenya viazi. Akanisomea kwamba mto ule unavuka ikweta mara mbili. Kwamba hakuna mto wenye kina kama chake duniani, na huko chini kabisa wanaishi samaki vipofu. Kwamba mkondo una nguvu hadi samaki wa ukingo huu hawawezi kufika ukingo ule, na miaka imepita mpaka wameacha kufanana. Nilikuwa naitikia huku nasinzia.

Kisha akasoma kwamba majani ya juu yamesongamana sana, mvua ikianza inakawia kabla ya kugusa ardhi.

Nikaweka kisu chini.

“Tulikuwa tunaisikia kwanza,” nikasema. “Inapiga huko juu, na sisi bado wakavu. Maman yangu alikuwa anapata muda wa kutufunika.”

Akaniangalia. “Maman, ulikuwaka mu ile forêt?”

Sikuwahi kumwambia. Anajua tulikimbia vita Bukavu, basi. Hajui kwamba tuliupita msitu kwa miguu, mimi nikiwa mdogo kuliko yeye, hadi tukaufikia mto. Hajui kwamba nilikuwa na mdogo wangu.

Donc nikamwambia. Espoir alishikwa na homa tukingoja kuvuka. Watu walikuwa wengi, mitumbwi michache. Zamu yetu ilipofika tulikuwa tumeshamzika. Papa alichimba kwa panga. Maman alivuka bila kugeuka nyuma, na tangu siku ile hajalitaja jina lake. Nasi tukaacha kulitaja.

Grâce hakulia. Aliuliza kama anaweza kuyasema hayo darasani.

Nilichukua tena kisu, nikamenya kiazi kimoja. Nikamjibu kwamba ya mvua, ndiyo. Ya Espoir, bado.

Akaandika ya mvua, akanisomea ili nione kama ni sawa. Ilikuwa sawa. Halafu akachukua viazi vilivyobaki akamenya yeye, akaniambia nikajilaze.

Nimejilaza, usingizi hauji. Namsikia jikoni akijizoeza kwa Kifaransa, akirudia habari za mto, akikosea, akianza upya.

Kesho kabla ya kazi nitampigia maman, aliyerudi Bukavu. Nataka ajue kwamba mjukuu wake ameuliza habari za Espoir, na kwamba nimemjibu.

Sijui nitaanzia wapi.