Kaka Yako na Betri Iliyobonyea

Chumba cha Nyuma,
Duka la Dobi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na nyumba yako nzima. Natumaini kile kifua kimekuachia na sasa unalala. Na magoti ya mama mkwe wangu je, bado yanamsumbua kwenye ngazi? Mpe shikamoo yangu. Mimi huku ni mzima wa mwili, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana mengine ya kushukuru siku hizi mpaka niyatafute kwa tochi.

Barua yako nimeipata. Umelalamika kwamba kaka yako hapatikani kwenye simu, ukaniuliza kama nimemfungia kabatini. Nilicheka kidogo, wifi, halafu nikalia. Habari za moto ulizisikia juu juu, kwamba nyumba iliungua na sisi tuko salama. Ni kweli tuko salama. Ila aliyekupa habari alikata mkia, na mimi sikuwa na nguvu ya kukuandikia. Leo nimejikaza. Kaa chini usome, na Mama usimsomee yote.

Unamjua kaka yako na ndege zake. Tangu alipoanza kurusha vile vidude vya rimoti nilikuwa nawaambia watu kwamba nina mke mwenza mwenye mabawa. Akitoka kazini kutengeneza meno ya bandia, unga wa plasta haujamtoka kwenye kucha, yuko mezani anaunganisha bawa. Jumamosi anakwenda na wenzake kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali. Nilikuwa nanuna kwa mdomo tu. Mume anayecheza na ndege, angalau unajua alipo.

Shida ni betri zake. Si kama hizi za tochi. Ni laini, zimefungwa kwenye ngozi nyembamba kama pakiti ya majani ya chai, na nguvu iliyomo ndani hailingani na umbo lake. Ikitobolewa, ikigongwa, au ikijazwa chaji kupita kiasi, inaweza kuvimba na kuwaka yenyewe. Hayo alinifundisha yeye. Ndiye aliyekuwa akiwakemea wenzake: chajia kwenye sanduku la chuma, nje, juu ya saruji; usiiache peke yake hata kwa kwenda msalani; iliyovimba au kubonyea usiichaji tena, hata kama roho inakuuma. Wakambandika jina la Bwana Zimamoto. Walimwita hivyo kwa kumtania, lakini walimsikiliza.

Sasa mwezi wa pili ndege yake ilianguka kwa pua, na betri ikabonyea pembeni. Kidogo tu. Aliileta nyumbani, akaiminya kwa kidole gumba, akainusa, akaiweka kando akawa anaitazama. Haikuvimba. Nilimwuliza kwa nini asiitupe, akasema inaonekana nzima, ataijaribu mara moja aone. Ilikuwa mpya, wifi. Nimetafuta sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo, sijaipata.

Jumamosi iliyofuata, mchana, mimi nikiwa hapa dobini, akaiweka kwenye chaja. Siku zote alichajia barazani, ndani ya sanduku lake. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga baraza lote, basi akaiweka koridoni, juu ya kabati la viatu, hapo karibu na mlango. Sanduku likabaki nje, linajaa maji. Alikaa na betri yake kama alivyowafundisha wengine. Kisha wakampigia simu kutoka kliniki: kuna mzee meno yake mapya yanamchoma fizi, hawezi kula, aje ayachonge. Kliniki iko kona ya pili tu. Alitoka akijua atarudi chai haijapoa. Chaja hakuichomoa.

Majirani wanasema walisikia mlio kama wa mafuta yanayoruka kikaangoni, halafu kishindo, halafu moshi mzito mweupe ukatoka chini ya mlango wetu. Viatu vikashika, kabati likashika, na moshi ukapanda ngazi.

Juu yetu alikaa Bibi wa Juu na binti yake muuguzi. Bibi utamkumbuka, ndiye aliyekuambia ulipotutembelea kwamba umenenepa kuliko picha yako. Binti alikuwa zamu hospitalini. Bibi aliposikia kelele alifungua mlango aone kuna nini, na moshi wote ukamwingilia. Miguu yake haikuwa ya kukimbia. Fundi viatu wa pale chini alijifunga kitambaa chenye maji puani, akapanda, akamtoa mgongoni akiwa hai. Lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika. Alilala hospitalini siku chache, akafariki. Hakuungua hata unywele.

Kaka yako alirudi akakuta watu wamejaa mvuani. Hakuuliza hata kitu chetu kimoja. Mkuu wa zimamoto alipokuwa anatafuta chanzo, yeye mwenyewe ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye lile kabati, akamweleza yote, hadi ule mbonyeo. Yule bwana alikuwa mtu mwema. Alimwambia ni ajali, hutokea.

Kaka yako akamjibu, "Ajali ni ya asiyejua. Mimi nilijua."

Bibi alipofariki, polisi nao walimhoji, wakaandika ni ajali, wakamrudisha. Mimi nilipiga magoti nikashukuru. Yeye nadhani ndiyo siku aliyovunjika.

Tajiri wangu hapa dobini alitupa hiki chumba cha nyuma. Ndipo binti wa marehemu alipotufuata, wiki kadhaa baada ya mazishi. Nilimkaribisha, akakaa. Chai alikataa kwa adabu. Akatoa kwenye mkoba kikombe kilichofunikwa leso, akakiweka mezani. Ndani yalikuwamo meno ya mama yake. Huenda hukujua kwamba meno hayo ya bandia ya Bibi aliyatengeneza kaka yako, na kila fizi zilipobadilika alipanda juu kumrekebishia, wakataniana weee. Hospitalini waliyavua, wakampa binti pamoja na nguo.

Akamwambia kaka yako, "Hii ni kazi ya mikono yako. Kuyatupa siwezi, kuyaweka siwezi."

Hakupaza sauti. Akaaga, akaenda zake. Kaka yako aliyaosha yale meno kwa mswaki, taratibu, kama anayemtayarishia mtu anayekuja kuyachukua. Yapo humu ndani. Na mimi pia nimeshindwa kuyatupa wala kuyaweka.

Tangu hapo kazi hafanyi. Alijaribu kurudi kliniki, akashika umbo la plasta la mdomo wa mtu, akaliweka chini, akarudi nyumbani kabla ya saa sita. Wamemwambia apumzike. Hasemi atarudi lini na mimi nimeacha kuuliza. Simu yangu iliungua, na yake imekufa chaji kwa sababu hataki waya wowote uchomekwe humu chumbani, hata wa taa ya mezani. Tunakula kwa mshumaa, naye anaukodolea macho mpaka nauzima, tunamalizia gizani. Betri zake zilizosalia nilizibeba mimi kwenye ndoo ya mchanga hadi kituo cha zimamoto, maana hata kuzitazama hawezi. Wenzake walikuja kumjulia hali. Waliposimama kuondoka aliwarudia yale makatazo yake yote, moja baada ya jingine, na hakuna aliyethubutu kumwita lile jina.

Mimi ni dobi, wifi. Madoa nimeyatoa mengi, na lisilotoka nalijua nikiliona.

Uliandika kwamba aje kwako abadilishe hewa. Nilimwambia. Alikisogeza chakula kando. Kisha akasema, "Nikiondoka, yule dada akitaka kuja kunitukana atanikuta wapi?"

Hatakuja. Sare zake za kazi analeta hapa hapa, nazifua mimi kwa mikono yangu. Ananisalimia, ananiuliza hali. Hali ya mume wangu haulizi. Siku moja nilijikaza nikamwambia kwamba yuko humo nyuma anangoja neno lake, lolote, hata liwe baya. Akakunja risiti yake, akasema sare angezihitaji Jumatano.

Hilo sijamwambia kaka yako. Kila asubuhi ananiomba shati safi. Namnyooshea, analivaa, anakaa kitini uso ukielekea mlangoni.

Basi usije kwa sasa, wifi yangu. Akikuona ataongeza aibu juu ya aibu. Tuandikie tu, nitamsomea hata asipoitikia. Msalimie mumeo, na kifungua mimba wako mwambie nimesikia amefaulu, nimefurahi kweli. Na kama mdogo wake bado anachezea kile kigari cha rimoti, betri yake ikivimba au ikibonyea itoke nje ya nyumba siku hiyo hiyo, iwe mpya iwe kuukuu. Watakaokuita mwoga waache wakuite.

Mungu awalinde nyinyi, na alinde kila mnachokiacha nyumbani mnapofunga mlango.

Ni mimi nikupendaye daima,
Wifi yako.