Kutoka Shinani Hadi Nchani

Mke wangu, Mama Elibariki,

Leo ni Jumamosi. Nimekaa kwenye kile kiti kifupi cha kamba, nyuma ya nyumba ya mwanetu hapa Dodoma, na upepo umeanza mapema. Nimeshika kalamu kwa sababu saa hizi mikono yangu ilizoea kuwa kichwani kwako, na tangu tukuzike sijapata kazi nyingine ya kuipa.

Unakumbuka ilivyoanza? Bega lako la kulia liliganda tukiwa bado kwetu Meru, juu ya Tengeru, mkono ukawa haupandi kupita sikio. Nywele zako ulikuwa umezifuga tangu ulipomaliza shule, kwa sababu shuleni walikunyoa kila muhula, na hukuwahi kuzitia dawa ya kuzilainisha. Ukaenda saluni Kaloleni, mjini Arusha. Ulirudi umejifunga kitambaa, nusu ya kichwa imechanwa, nusu haijachanwa, umevimba kwa hasira.

"Binti ananiambia, 'Bibi, hizi bila dawa hazichaniki.' Nikamwambia, dawa ya nini, kwani zinaumwa? Akavuta mpaka machozi yakanitoka. Nimenyanyuka, nimeondoka."

Kisha ukanitazama. "Utanisuka wewe."

"Mimi mwenye upara?"

"Ndiyo vizuri. Hutanionea wivu."

Nilifundisha watoto wa watu maisha yangu yote, lakini mwanafunzi mzito kama nilivyokuwa mimi kwenye kichwa chako sikuwahi kumpata darasani. Ulikaa kwenye mkeka, mgongo wako kati ya magoti yangu, ukaniamrisha. Kuchambua, nianzie nchani. Kupaka, nianzie shinani. Nisitumie kucha, nitumie nyama ya vidole. Na vidole visiteleze juu ya ngozi. Vishike, ngozi yenyewe ndiyo itembee juu ya mfupa. Nilipozidisha nguvu ulinitoa mkono. "Hapo hupukuchui mahindi, Mwalimu." Mwalimu uliniita uliponicheka tu.

Mimi nikaenda vitabuni, kama kawaida yangu. Nikasoma kwamba kila shina la unywele lina kijifuko kinachotoa mafuta yake lenyewe. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, mafuta hayo hushuka bila kusukumwa. Nywele zetu zina kona nyingi, kwa hiyo mafuta hukwama karibu na yalikotoka, ncha zikabaki na kiu. Na kadiri mtu anavyozeeka, ngozi hutoa kidogo zaidi. Nilikusomea ukurasa mzima. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Sawa. Sasa yasukume."

Nikayasukuma. Mafuta ya nazi uliyochanganya na ya nyonyo, tone moja kwa kila njia niliyoigawa kwa mkia wa kitana, kwanza kwenye ngozi, halafu kuyavuta kati ya viganja polepole hadi nchani. Mwisho nilikusuka mabutu manne ya kitoto, maana mengine sikuyaweza, ukayafunika kwa kitambaa ukaenda nayo kanisani bila aibu.

Halafu tukahama. Magoti yako yalishindwa mteremko, na Elibariki akasema hapati usingizi tukiwa peke yetu kule juu. Kahawa na migomba tulimwachia mdogo wangu. Ulikubali bila neno. Hata garini hukugeuka kuutazama mlima. Ila Jumamosi ya kwanza hapa Dodoma, nilipofungua butu la mbele, ulilivuta likafika machoni pako.

"Hizi zote zimeotea Tengeru," ulisema. "Zimekunywa maji ya mlimani. Tuone zitakaa mpaka lini."

Tangu siku ile nilijua ninachokipaka. Unywele huota kutoka shinani, kwa hiyo ulio karibu na ngozi ni wa wiki hii, na ncha ni miaka iliyopita. Kila Jumamosi nilianzia Dodoma nikaishia Meru. Maji ya hapa yana chumvi na upepo wake hukausha hata midomo. Nikawa nakinga maji ya mvua kwa ajili ya kichwa chako tu, na mke wa Elibariki akazoea kuona ndoo isiyoguswa na mtu. Wewe ulikuwa unapima kwa kidole na kutangaza: "Dodoma imefika sikioni." Baadaye, "Dodoma imefika begani." Tulikuwa tunacheka, ingawa nadhani hakuna kati yetu aliyeona kinachochekesha.

Akina mama wa kanisa walitukuta siku moja katika hali hiyo, vidole vyangu vikimeta mafuta. Mmoja akapiga kofi. "Jamani! Waume wa hivi wanauzwa duka gani?"

"Huyu hata haazimwi," ulijibu, bila kufumbua macho.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo nilichambua ncha na vipande vifupi vikabaki mkononi mwangu. Ulisikia vidole vimesimama. Ulinyoosha kiganja nyuma ya bega, nikaviweka. Ulivigeuza kwa kidole gumba.

"Basi," ulisema. "Zimeisha. Sasa mimi ni wa hapa."

Nilipaka mpaka mwisho, na mwisho nao ulikuwa Dodoma.

Hukutaja tena habari za nywele. Uliniomba jambo moja tu, ulipoanza kuugua: nikurudishe. Tukakurudisha, ukiwa ndani ya jeneza. Lakini wiki zile za kitandani zilikuwa zimezifungamanisha nywele nyuma ya kichwa zikawa kama kitambaa cha sufu, na asubuhi ya maziko, pale mochwari Arusha, wanawake walipoingia kukuvisha nilimwona dada yangu Mama Penieli amebeba wigi kwenye mfuko. Nikasimama mlangoni.

"Niacheni nimchambue mimi."

"Kakae na wanaume wenzako huko nje," dada akasema. "Kazi hii ina wenyewe."

"Hilo wigi hatalitaka."

"Atalikataa vipi? Usitutie aibu mbele za watu, mdogo wangu. Mchungaji ameshafika nyumbani, anasubiri."

Unajua sijawahi kumbishia dada. Siku hiyo nilishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili kama mtoto anayekataa sindano. Ni mdogo wako Anaeli aliyeniokoa. Alikuwa amekushika miguu, anakuvisha soksi, na hakuinua hata uso.

"Kuna mtu humu anakijua kichwa cha dada?" aliuliza. Akachukua soksi ya pili. "Basi shemeji aingie. Mchungaji atakunywa chai."

Nikaingia. Nilianzia nchani, kama ulivyonifundisha. Sikukata hata fundo moja. Magari yalipiga honi nje, Mama Penieli akawa anatoka na kurudi, lakini mara ya tatu alibaki, akaweka kiganja chake chini ya kisogo chako ili nipate nafasi. Nywele zilikuwa zile zile. Hilo ndilo nililotaka kukuambia, na sijamwambia mtu. Vidoleni mwangu hazikuwa na tofauti yoyote na za Jumamosi nyingine. Zilijikunja na kuachia kama siku zote, na kwa kitambo nilisahau tulipo. Zote zilikuwa za Dodoma, hakuna hata moja iliyowahi kuuona mlima, nazo zilikuwa zinakwenda kuzikwa chini yake.

Nikagawa njia, nikachovya kidole, nikagusa ngozi. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, ya ule ukungu wetu wa Julai, na mafuta ya nazi yalikuwa yameganda chupani. Niliyaweka utosini, nikasubiri. Yalikaa pale, meupe.

"Mbona hayayeyuki?" dada akauliza. Kisha akaelewa alichokiuliza, akageuza uso ukutani, bila kuondoa kiganja chake.

Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nayayeyusha.

Nikayasugua kati ya viganja vyangu mpaka yakawa maji, nikayapitisha kwenye nywele, njia baada ya njia, hadi nchani. Yale ya utosini sikuyafuta. Anaeli alitaka kuyafuta kwa leso, nikamwomba ayaache.

Wananiambia nirudi Meru nikae karibu na kaburi lako. Elibariki anasema kule nitakufa kwa baridi, na huenda ni kweli. Wewe umefika kwetu, mimi nimebaki hapa ambapo mchana mafuta hayagandi mwaka mzima. Jioni nikimaliza kusoma najikuta nimefungua viganja juu ya magoti, vitupu, na mkwe wetu huniuliza kwa upole, "Shikamoo baba, unatafuta nini?" Namjibu marahaba. Swali la pili sijui namna ya kulijibu.

Pumzika, mama. Kichwa chako ni kisafi.

Mumeo,
Baba Elibariki