Simu ya Rangi Juani Kiwangwa

Mjukuu wangu Zuhura, huku Kiwangwa sote wazima, na bibi yako kakuwekea mananasi. Umeuliza simu yangu ya kwanza ya rangi ilifaa? Weee! Ndani ya nyumba ilikuwa pambo, na samaki wakiogelea kwenye kioo. Ukitoka nayo juani, nyeusi tii! Huoni jina wala namba.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina bibi yako, nangoja jibu. Niko shambani, simu ikalia. Nikaikinga kwa kofia, nikaiingiza ndani ya shati, wapi! Nikajua tu ni rafiki yangu Sefu, mpenda soga. Nikapokea: "Oya, sema we mbwa!"

Ikaja sauti ya mzee, taratibu: "Marahaba, mwanangu."

Baba yake bibi yako! Jembe lilinitoka mkononi. Shikamoo sikuitoa, yeye kaipokea! Akaendelea, "Ijumaa njoo na wazee wako," kama vile nimemwamkia vizuri.

Mpaka anaingia kaburini hakulitaja lile neno, hata kwa bintiye. Bibi yako atalijua siku utakapompigia simu umsomee barua hii.

Babu yako mdogo wa ukoo, hata mvi sina,
Shomari