Jino Linalosubiriwa

Vernon,

Maharage yako jikoni kwenye moto mdogo, usiyaache yashike chini. Mkate wa mahindi nimeufunika kwa kitambaa. Koleo lako usilitafute bandani, nimelificha. Hakuna atakayening'oa jino kwa koleo.

Nimekwenda Louisville, kwenye chuo cha meno. Nitarudi jioni. Wanafunzi wanakaa na jino moja masaa manne, na mwalimu anakagua kila hatua, ndiyo maana bei yao ni nafuu. ~~Usimwambie dada yako.~~ Mwambie, na yeye lake linamsumbua.

Jana ulinicheka, eti wanajifunza kwangu kama kinyozi kwenye kichwa cha mjinga. Iliniuma kuliko jino lenyewe. Basi sikiliza. Asubuhi hii, wewe bado unakoroma, simu ililia saa kumi na mbili. Alikuwa Anjali, yule binti mwanafunzi atakayenitibu. Kumbe jino langu ndilo mtihani wake wa mwisho. Tangu Januari anatafuta jino lenye tundu la namna hii hii, na nisipotokea leo, hafuzu.

Tangu kiwanda kifungwe na bima yetu iondoke nacho, kila ninapokwenda wananiuliza kadi, kisha wananionyesha mlango. Anjali hakuuliza kadi. Aliuliza, "Bi Nadine, utakuja kweli?"

Nimevaa gauni la kanisani.

Mkeo, mwenye jino lake